Dodoma kwenye TV: mji unaoonekana kila siku bila kujiona (uzi mrefu, leteni viti)

FundiMajengo:

Mbukwenyi wakuu.

Wiki iliyopita mjukuu wa dada yangu kaja likizo kutoka Morogoro. Yuko darasa la sita, mdomo mwepesi. Usiku kashika rimoti, kapekua chaneli zote mpaka zikaanza kujirudia, kisha kaniuliza: "Babu, TV ya huku ni ipi?" Kwao anaijua Abood, anaijua na SUA TV ya pale Sokoine. Nikamwambia TV ya huku ni Bunge. Akacheka akidhani namtania. Mimi nikalala na swali lake, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Nijitambulishe kidogo. Ni fundi wa redio na TV, kibanda changu kiko Majengo, na lehemu nimeishika tangu 1990. Kwa hiyo nitakayoleta hapa mengine yako kwenye makabrasha, mengine yalipita mezani kwangu yakiwa yameungua flaibaki, kile kifaa cha kutoa umeme mkali wa kioo. Hoja yangu ni moja, niiseme mapema ili wavivu wa kusoma waondoke nayo: hakuna Mtanzania mwenye TV ambaye hajaiona Dodoma, lakini sisi wa Dodoma humo hatujioni. Sisi ni studio. Wanakuja, wanawasha taa, wanapiga picha, wanakunja nyaya, wanaondoka.

Twende taratibu.

Kenya walikuwa na TV tangu 1962, Uganda 1963. Zanzibar wakapata ya kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado kwenye nyeusi na nyeupe. Sisi wa Bara tukakaa. Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa ya wachache wa mjini, na kwamba chombo cha kumfikia mkulima ni redio. Na kweli ilimfikia. RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, ukitembea nayo asubuhi kutoka Chang'ombe mpaka sokoni, taarifa ya habari unaifuata nyumba kwa nyumba bila kupitwa na sentensi.

Kinachonichekesha ni kwamba ilikuwa miaka hiyohiyo, 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Visiwani wanapokea picha za rangi, sisi tunapokea ahadi ya mji mkuu. Picha zilifika kwanza.

Msidhani vyombo vyenyewe havikuwepo. Vilikuwepo, ila kwa ajili ya mikanda. Kulikuwa na mabanda ya video, mabenchi ya mbao, turubai mlangoni ili wasiolipa wasichungulie. Baadaye zikaja zile filamu zilizotafsiriwa na akina Lufufu, mtu mmoja anaigiza sauti ya muuaji, ya polisi na ya bibi harusi kwa pumzi moja. TV kwetu ilikuwa mdomo wa deki. Neno "kituo" halikuwa na maana, labda kituo cha basi.

Mwaka 1992 mzee mmoja mstaafu wa reli alikuja kibandani na TV juu ya mkokoteni, imefunikwa kanga. Ya chogo, inchi 14, kaletewa na mwanawe baharia. Akasema, "Fundi, hiki kitu tangu kimefika kinapiga chenga tu." Nikafungua, nikapima, nikapuliza vumbi, kila kitu kiko sawa. Nikamwambia, "Mzee wangu, TV yako nzima. Nchi ndiyo haina kituo."

Akanitazama kama mtu anayefichwa bei. Akaibeba hadi kwa fundi mwingine Uhindini, naye akamwambia hivyohivyo. Jioni akarudi, akaishusha mezani pangu: "Basi ikae hapa. Kituo kikifika uniite."

Naendelea, kuna mteja.

———

BintiZabibu:

Nimeweka kiti mbele kabisa na bisi mkononi. Fundi endelea, mteja asubiri.

———

MjumbeWaNyumbaKumi:

Hapo kwa Lufufu umenigusa. Mimi mpaka leo nikiona filamu ya Kichina bila yule mtu naona kama haijaisha kutengenezwa.

———

FundiMajengo:

Nimerudi.

Sheria ya utangazaji ilipitishwa 1993, ikaruhusu watu binafsi kumiliki redio na TV. Mwaka uliofuata, 1994, vikafunguka vituo kama mlango uliovunjwa: CTN, ITV ya marehemu Reginald Mengi, na DTV, ambayo ndiyo baadaye ikaja kuitwa Channel Ten. Vyote Dar es Salaam.

Nilimwita yule mzee? Sikumwita. Na nieleze kwa nini, kwa sababu hili la kiufundi watu hulisahau. Redio ya masafa ya kati au mafupi inasafiri mbali, usiku ndiyo kabisa, mpaka nchi za watu. Mawimbi ya TV yanakwenda moja kwa moja kama tochi. Yakikuta mlima yameishia hapo. Kati ya Dar na sisi kuna zaidi ya kilomita 400 na milima ya Morogoro imesimama katikati kama walinzi. Kwa hiyo 1994 nchi ilikuwa imepata TV, Dodoma ikapata habari kwamba nchi imepata TV.

Aliyetaka picha alinunua ungo. Si huu wa sasa wa kubandika ukutani. Namaanisha ungo ambao ukiuweka uani hakuna mahali pa kuanika mtama. Waliokuwa nao walihesabika. Kulikuwa na nyumba moja ya aina hiyo karibu na tulipokuwa tunaishi, na mwenye nyumba hakuwa mchoyo. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, ule uwanja wake ulijaa watu kama msibani hasa. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume wamesimama nyuma, TV imewekwa juu ya meza ya chakula mlangoni. Mabibi walilia kuelekea kwenye kioo. Nilikuwa pale kama fundi wa dharura, nimeshika waya wa antena, maana ukiuachia picha inaruka. Mazishi ya Mwalimu niliyaona kwa jicho la pembeni, mkono ukiwa juu.

ITV walipopanda satelaiti na kuanza kuweka mitambo mikoani, na serikali nayo ikaja na Televisheni ya Taifa, TVT, 1999 kwenda 2000, ndipo biashara ya antena ilipolipuka. Wenzangu wa kazi mnakumbuka. Mifupa ya samaki ya bomba za alumini, busta, miti mirefu ya kufungia. Asiye na hela alitumia mfuniko wa sufuria, na msinicheke, mfuniko ulikuwa unashika. Kila jioni saa moja na nusu mtaa mzima unasikia: "Zungusha! Zungusha! Hapohapo! Usiguse!" Mtoto juu ya bati anageuka sanamu mpaka taarifa ya habari ya saa mbili iishe.

Lakini angalieni kilichokuwa ndani ya hizo picha. Foleni za Dar. Mvua za Dar. Wasanii wa kikundi cha maigizo cha Kaole wakigombana kwenye sebule za Dar. Mtoto wa Nkuhungu aliijua Magomeni kabla hajaijua Kondoa. Sisemi vilikuwa vipindi vibaya, nilivipenda, siku za Kaole sikuwa nafungua kibanda jioni. Nasema tu kwamba ilikuwa TV ya mji mmoja inayorushwa nchi nzima.

———

KijanaWaUdom:

Mzee shikamoo. Ila naona una kinyongo na Dar. Studio ziko Dar kwa sababu wafanyabiashara wenye matangazo wako Dar. Kituo kinaishi kwa matangazo. Huku mwaka 2000 nani angetangaza, muuza karanga?

———

FundiMajengo:

Marahaba kijana. Sina kinyongo, nina watoto wawili Mbagala. Na la matangazo umesema kweli, nitalirudia. Lakini Mwanza ilikuwa na karanga gani? Star TV ilianzia kule, ikaenea nchi nzima. Morogoro wako kilomita 200 tu kutoka Dar, wangeweza kukaa wakisubiri, hawakusubiri. Mji mkuu ndio uliokaa.

Sasa nije kwenye Bunge, maana hapa ndipo uhondo ulipo.

TVT iliungana na RTD chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, kisha Machi 2008 ikazinduliwa TBC tunayoijua, TVT ikawa TBC1. Aliyekuwa anaiongoza ni Tido Mhando, aliyetoka BBC. Watu wengi wanamkumbuka kwa kuwachukua wale vijana wa vichekesho wa Ze Comedy kutoka EATV, jina likaleta mgogoro, wakalazimika kujiita Orijino Komedi. Mimi namkumbuka kwa Bunge.

Miaka ile ya Spika Samuel Sitta, 2005 hadi 2010, Bunge la moja kwa moja lilikuwa mchezo wa kuigiza usio na mwandishi. Tarehe 6 Februari 2008 Dk. Harrison Mwakyembe anasoma ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kesho yake, Alhamisi, Waziri Mkuu Edward Lowassa anasimama na kutangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Moja kwa moja. Hakuna kilichohaririwa.

Nilikuwa kibandani, TV tano zimewashwa kwa wakati mmoja kwa sababu wateja walikataa kuzichukua mpaka waone mwisho. Bodaboda hazikuwa nyingi bado, ila baiskeli zilijaa mpaka barabarani. Muuza dagaa aliacha ungo wake wa dagaa juani. Na kitu ambacho wa mikoa mingine hamkuwa nacho: tulikuwa tunasikia mambo mawili. Kwenye kioo mnaona ukumbi, nje tunasikia ving'ora vya misafara vinapita barabara kuu. Mtu mmoja akasema, "Sasa hivi hiyo gari inayopita ndiyo iliyokuwa kwenye TV." Sote tukatoka kuangalia, gari limeshapita. Tukarudi ndani kuliangalia kwenye TV.

Hiyo ndiyo Dodoma yetu. Tukio liko kilomita mbili, unaliona kwa njia ya mtambo.

———

MamaWaMakole:

Fundi, mimi siku hiyo nilikuwa nauza chai karibu na ofisi moja ya serikali. Watu walikunywa chai wakasahau kulipa, na mimi nikasahau kudai. Nimekumbuka leo kwenye uzi wako. Nani ananilipa?

———

MjumbeWaNyumbaKumi:

Mama dai yako imeshapitwa na wakati kisheria, samehe.

Fundi usisahau Bunge Maalum la Katiba 2014. Jaji Warioba akiwasilisha rasimu mwezi wa tatu, na siku UKAWA, ule umoja wa wapinzani, wanatoka nje mwezi wa nne. Kijiweni kwetu Hazina tuliwahi kukodi jenereta kwa michango kwa sababu umeme ulikuwa hautabiriki. Wengine wanachangia harusi, sisi tunachangia Katiba.

———

FundiMajengo:

Sijasahau mjumbe, ile ilikuwa kama ligi, kila mtu ana timu. Ila kabla ya 2014 kuna Januari moja lazima niiseme. Dodoma tuna Januari mbili za TV na zote mbili zilituumiza.

Ya kwanza ni 2013. Dunia ilikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba mitambo ya analojia izimwe ifikapo 17 Juni 2015. Tanzania ikaamua kuwahi. Dar ikazimwa 31 Desemba 2012. Sisi na Tanga tukafuata 31 Januari 2013. Mwanza Februari, Arusha na Moshi Machi, Mbeya Aprili. Wenzetu wa Kenya walikuwa bado mahakamani wakibishana.

Fikirieni, Januari. Mwezi wa ada, mwezi wa sare za shule, mahindi ghalani yanaanza kuonyesha sakafu. Ndipo unaambiwa ununue king'amuzi. Neno lenyewe lilikuwa jipya. Lilitoka kwenye kung'amua, neno zuri sana, kuna mtu alilitafuta akalipata. Mabibi wa mtaani wakaliita "kile kidude cha kuruhusu TV". Asubuhi ya tarehe 1 Februari nilipofungua kibanda nilikuta foleni. Watu wamebeba TV zao. "Fundi, imeharibika usiku." Moja baada ya nyingine. Nikawa nasema maneno yaleyale niliyomwambia mzee wa reli miaka 21 nyuma: TV yako nzima.

Antena zile zilibaki juu ya mabati mpaka kutu ikazila. Kunguru wakajenga.

Kiufundi mabadiliko yale yalikuwa na akili, sitawadanganya. Analojia, masafa mamoja yanabeba kituo kimoja. Dijitali, masafa hayohayo yanabeba vituo kumi na zaidi, picha safi, chenga hakuna. Ndiyo maana serikali ikatenganisha kazi: anayetengeneza vipindi ni mmoja, anayerusha mawimbi ni mwingine. Zikapewa leseni kampuni tatu za kurusha, mojawapo Star Media, ambayo StarTimes wana asilimia 65 na TBC 35. Kwenye karatasi hiyo ilikuwa nafuu kwa kituo kidogo, maana hahitaji tena kununua mtambo wake.

Lakini kwa mji kama huu hesabu haikutoka. Zamani, mtu mwenye ndoto ya kituo cha mji alihitaji leseni, mtambo mdogo, na mlima. Milima tunayo, Mlimwa ipo, Imagi ipo. Angesimika kitu chake akawahudumia watu wa hapa. Sasa anatakiwa kumlipa mwenye mtambo mwezi kwa mwezi apende asipende, awe na tangazo au hana. Mtambo ukishaununua, mwezi mbaya unafunga mkanda unaendelea. Ada haijui mwezi mbaya.

———

BintiZabibu:

Ngoja nijazie nyama. Mnakumbuka TV za waya? Nyaya nyeusi zimepita juu ya mapaa, unalipia kwa mwezi. Mtaani kwetu jamaa wa waya alikuwa na chaneli yake moja tupu, anaweka kanda za harusi alizopiga mwenyewe, na ubarikio, na kipaimara. Mama yangu hakuwa anaangalia kingine. Alikuwa anasema, "Huyu si mke wa fulani? Kumbe alivaa lile gauni!" Siku kanda ya harusi ya dada yangu ilipowekwa, nyumba ilijaa kama harusi imerudiwa. Picha mbovu, sauti inakoroma, ila ni sisi.

———

FundiMajengo:

Binti, umemaliza hoja yangu kwa aya moja. "Ila ni sisi." Mimi nimeandika nusu siku nikizungukia hapo.

Januari ya pili ni 2016. Jumatano tarehe 27, Waziri wa Habari Nape Nnauye anasimama bungeni kueleza kwamba TBC haitaonyesha tena Bunge lote moja kwa moja. Sababu gharama, zilitajwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wapinzani wakakataa kukaa, askari wakaingia ukumbini kuwatoa. Baada ya hapo Bunge likawa na studio yake, vituo vinachukua picha ilizotoa, na usiku kipindi kifupi cha yaliyojiri.

Mabishano ya kisiasa sitaki kuyaleta hapa, kuna nyuzi zake. Nasema kama mwenye kibanda: mchana wa Majengo ulikuwa kimya. Ile desturi ya watu kusimama mlangoni kwangu saa tatu asubuhi wakati wa maswali na majibu ilikatika ndani ya wiki moja. Wamachinga waliokuwa wanauza maji kwa wasikilizaji wakahama. Na miezi sita baadaye, Julai 2016, Rais Magufuli anatangaza serikali inahamia Dodoma yote. Yaani mwaka uleule serikali inakuja, na picha yake inapungua.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mei 2017 CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ikavunjwa, Aprili 2018 tukawa jiji, Mtumba ikaota wizara. Sasa kila kituo kina mwandishi hapa. Kila usiku unawasikia: anataja jina lake, anataja kituo, anamalizia "Dodoma". Nyuma yake lile paa la Bunge au geti la wizara. Nimewahi kuhesabu kwa wiki moja ya taarifa za habari, kwa ukaidi tu: hakuna aliyesimama soko la Majengo, hakuna aliyesimama Chang'ombe, hakuna aliyesimama kwenye mashamba ya zabibu. Alisimama mmoja stendi, lakini alikuwa anazungumzia nauli za nchi nzima.

Na ngoma zetu? Wanawake wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, utamaduni ambao marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliuzungusha dunia nzima mpaka Ulaya wakamjua. Kwenye TV ya nyumbani unawaona sekunde sita, uwanja wa ndege, kiongozi anapita anapunga mkono. Kamera inamfuata kiongozi. Ngoma inabaki inasikika nyuma bila mtu.

———

KijanaWaUdom:

Mzee naomba nikupinge kwa heshima. Siku hizi kituo cha nini? Simu yangu ni kituo. Mimi na wenzangu tuna chaneli ya mtandaoni, tunapiga picha mechi za mtaani pale Jamhuri, tunaweka. Hatuhitaji Mlimwa wala Imagi.

———

FundiMajengo:

Nimeipenda hiyo, nitumie niangalie. Ila nikuulize maswali ya fundi. Ukiacha chuo mwaka ujao, nani anaendelea? Na mlilipia? Maana kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja 2018, jumla ya kuomba na kusajili na ada ya mwaka ilikuwa karibu shilingi milioni 2.1. Kwa chaneli ya mechi za mtaani!

La pili, simu inakimbilia ugomvi na ajali. Baraza la madiwani likikaa masaa matano kujadili mitaro ya maji, nani atashika simu masaa matano? Kituo cha mji kingeweka mtu pale kwa sababu ndiyo kazi yake na Jumatatu lazima kuwe na kipindi. Kinachochosha ndicho kinachohitaji kituo. Kinachofurahisha kitajipigia picha chenyewe.

La tatu ni lugha. Leseni zetu ni Kiswahili na Kiingereza basi. Naielewa sababu, tumejengwa hivyo, na silii. Lakini bibi yangu wa Mvumi alipokuwa hai, akiweka TV alikuwa anaangalia midomo tu. Wewe mtandaoni ukiweka wazee wanasimulia kwa Chigogo ukatafsiri chini, mimi nitakuwa mtazamaji wako wa kwanza. Hapo utanishinda hoja, na nitakubali kushindwa.

———

KijanaWaUdom:

Hahaha, mzee umenipa kazi sasa. Ya kulipia tusijibu hapa hadharani 😅. Wazo la wazee nalichukua, nina babu Bahi anasimulia njaa za zamani vizuri mno.

———

MamaWaMakole:

Babu wa Bahi apelekewe na sukari, asipigwe picha bure.

Fundi, hukumalizia. Yule mzee wa reli na TV yake ya mkokoteni? Ulimwita?

———

FundiMajengo:

Nilimwita, mama. Mawimbi yaliposhika vizuri, nilimtuma kijana mtaa wa Kikuyu kwenda kumwambia kituo kimefika. Alikuja amevaa koti, kofia mkononi, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni stesheni. Nikaiwasha, ikashika. Alikaa kwenye stuli yangu taarifa yote ya habari bila kusema neno. Ilipoisha akauliza, "Hao wote wako Dar?" Nikamwambia ndiyo. Akaichukua, akakaa nayo miaka mingi.

Alifariki kabla ya ile Februari ya 2013. Watoto wake waliuza vitu vya nyumba, TV hakuna aliyeitaka, wakaniletea niitoe vipuri. Sikuitoa. Iko juu ya kabati hapa kibandani, kanga ileile. Ni ya zamani mno, haina tundu za nyekundu, nyeupe na njano, ina tundu la antena basi, na ving'amuzi vingi vya sasa havitoi mawimbi kwa njia hiyo. Yule mtoto wa Morogoro aliing'ang'ania jana, nikamruhusu aiwashe. Ikawaka vizuri kabisa, kioo kizima, sauti safi, inapiga chenga zilezile za 1992.

Mwenye king'amuzi cha zamani chenye tundu la kutolea antena aje PM. Nanunua, hata kama kimepasuka gamba.